Kabla hujachagua kozi ya kompyuta ya biashara, kakae dukani wiki moja

Matokeo ya kidato cha nne yakishatoka, simu yangu haitulii. Binamu yangu wa Tukuyu, jirani wa Uyole, mama mmoja tunayesali naye, wote wana swali lile lile: "Dada, mtoto anapenda kompyuta, asome nini?" Nami huwauliza kwanza: anataka kompyuta imfanyie nini? Hapo wengi hunyamaza. Siwalaumu, maana mimi mwenyewe nilipoulizwa hivyo siku ya usajili nilijibu "IT ina ajira" na nikadhani nimejibu.

Nilisoma stashahada ya teknolojia ya habari upande wa biashara hapa hapa Mbeya. Leo nakula kwa kuandika programu za maduka ya jumla, maghala na vyama vya wakulima. Ninayoyaandika hapa ndiyo ninayomwambia kila anayepiga simu, ila leo nina nafasi ya kuyasema yote.

Mwaka wa kwanza tulijifunza kuandika programu kwenye karatasi. Kompyuta za maabara zilikuwa chache, tukikaa wanne au watano kwenye moja, na umeme ukikatika ndiyo kipindi kimeisha. Mtihani wa lugha ya programu niliupita kwa kukariri desa. Nilijua kuandika kitanzi cha kurudia, lakini sikujua kitanzi hicho kinamsaidia nani. Somo la uhasibu nalo nililichukulia kama adhabu. Nilikuwa nimekuja kusoma kompyuta, mambo ya nani anadaiwa na nani anadai ya nini?

Mradi wa mwisho ndio ulionifungua macho. Kulikuwa na mama anayeuza mchele kwa jumla Mwanjelwa, mchele wa Kyela na wa Usangu. Nikamwomba nimtengenezee mfumo wa mauzo bure, ili mimi nipate alama. Akakubali. Nikakaa chumbani wiki tatu, nikaandika, nikamwekea kwenye kompyuta ya mwanawe. Kwa macho yangu ilikuwa kazi nzuri: rangi zimepangwa, risiti inatoka, ripoti ya mwezi inajijumlisha yenyewe.

Mwisho wa mwezi akaniita. Akageuza kioo cha kompyuta upande wangu, akasema, "Mwanangu, mashine yako inaniambia nina hela. Hela iko wapi?"

Sikuwa na jibu. Kumbe zaidi ya nusu ya mchele uliotoka dukani ulitoka kwa mali kauli: mwenye duka dogo wa Soweto au Mafiati hapa hapa mjini anachukua magunia leo, analipa akishauza. Programu yangu ilijua jambo moja tu, kwamba mchele ukitoka pesa imeingia. Na kipimo nacho kilinishinda. Niliweka kilo peke yake. Yeye huuza kwa gunia, kwa debe, kwa kisado, na debe lenyewe kuna la kufutwa, lililosawazishwa juu, na kuna la kilemba, lililorundikwa. Binti wa dukani alipokuta hakuna mahali pa kuandika debe, akawa anakadiria kilo kichwani. Baada ya mwezi, mzigo wa ghalani na mzigo wa kwenye kompyuta ulikuwa kama wa maduka mawili tofauti.

Yule mama hakunifukuza. Jioni ile akatoa daftari lake, gumu, lenye jalada jekundu, akanionyesha. Kila mteja ana ukurasa wake: kushoto alichochukua, kulia alicholeta, chini kilichobaki. Nilikaa pale hadi wanafunga. Somo nililolikimbia miaka miwili nililielewa kwa jioni moja, kwa Kiswahili, nikiwa nimekalia gunia. Mtindo wa kuandika kila jambo mara mbili si mpya; Luca Pacioli aliuchapisha Italia mwaka 1494. Na hifadhidata tuliyofundishwa kwa maneno mazito, ile ya majedwali yanayohusiana aliyoipendekeza Edgar Codd wa IBM mwaka 1970, nayo ilifunguka pale pale: jedwali la wateja, jedwali la bidhaa, jedwali la mizigo inayotoka na pesa zinazoingia, na uzi unaoziunganisha. Nilirudi nyumbani nikafuta karibu kila kitu na kuanza upya.

Ndiyo maana nasema, mdogo wangu, kabla ya kujaza fomu yoyote nenda kakae dukani wiki moja. Duka la mjomba, stoo ya pembejeo, ghala la chama cha ushirika kama mko Mbozi kwenye kahawa au Kyela kwenye kakao. Usiguse kompyuta. Andika kila kitu kinachoandikwa na kila kitu ambacho hakiandikwi. Ukiona ndani yako hamu ya kupanga yale mambo yakae sawa, kompyuta ya biashara inakufaa. Ukichoka siku ya pili, hujapoteza ada.

Watu wengi huchanganya kozi tatu zinazofanana majina. Sayansi ya kompyuta inakutaka uipende hisabati: hatua za kutatua tatizo, mantiki, takwimu, jinsi lugha ya programu yenyewe inavyofanya kazi. Uhandisi wa kompyuta unashuka chini hadi kwenye saketi na mashine. Kompyuta ya biashara ina uhasibu, uchambuzi wa mifumo, hifadhidata, uandishi wa programu na usimamizi. Mtoto anayefurahia hesabu ngumu mwacheni aende sayansi ya kompyuta, msimpunguze. Lakini naomba mtu asije kompyuta ya biashara kwa kukimbia hesabu, maana hesabu za huku zina mwenye pesa aliyesimama nyuma yako.

Nitoe mfano mdogo. Mwambie Python, moja ya lugha za programu, ajumlishe 0.1 na 0.2, atakupa 0.30000000000000004. Hajakosea, ndivyo kompyuta inavyohifadhi desimali. Sasa weka jambo hilo kwenye mauzo elfu kumi ya mwezi. Kwa hiyo pesa tunaihifadhi kama namba nzima za shilingi. Mfano mwingine ni kodi ya ongezeko la thamani. Ilikuwa asilimia 20, ikashushwa hadi 18 mwaka 2009. Aliyeiandika 20 ndani ya msimbo sehemu thelathini alizitafuta zote thelathini. Aliyeiweka kwenye jedwali lenye tarehe ya kuanza alibadilisha mstari mmoja, na risiti za zamani zikabaki na kiwango chake cha zamani. Ukisoma uhasibu peke yake huambiwi hivyo, na ukisoma programu peke yake huambiwi hivyo.

Njia ya kuingia ni hii. Mwenye kidato cha nne na ufaulu wa angalau D nne, bila kuhesabu masomo ya dini, anaweza kuanza ngazi ya 4 ya cheti, kisha 5, kisha 6 ambayo ndiyo stashahada. Aliyemaliza kidato cha sita akapata ufaulu mkuu mmoja na wa chini mmoja anaweza kuingia stashahada moja kwa moja. Ngazi hizo zinasimamiwa na NACTVET, baraza la elimu ya ufundi ambalo zamani tuliliita NACTE, na shahada za vyuo vikuu zinasimamiwa na TCU, tume ya vyuo vikuu. Ukitaka kutoka stashahada kwenda shahada, lenga GPA, yaani wastani wa alama, ya 3.0 au zaidi tangu mhula wa kwanza. Hapa nakazia, kwa sababu wengi huanza kuhesabu mwaka wa mwisho wakati sapu mbili za mwanzo, yaani mitihani ya marudio, zimeshawavuta chini.

Jambo moja linaniuma hadi leo. Mwenzangu tuliyepanga chumba kimoja alisoma chuo kingine, akamaliza vizuri, akaomba chuo kikuu. Alitakiwa kuwa na namba ya uhakiki wa stashahada yake, ile AVN inayotoka NACTVET. Haikupatikana, kwa kuwa chuo chake hakikuwa kimewasilisha matokeo yao NACTVET. Akapoteza mwaka mzima akipanda na kushuka ofisini. Kwa hiyo usiulize tu kama chuo kimesajiliwa. Uliza kama kozi yenyewe imeidhinishwa, kisha uwatafute waliohitimu mwaka jana uwaulize kama namba zao zilitoka. Orodha ya vyuo na kozi iko kwenye mwongozo wa udahili wa NACTVET, na kuusoma hakulipiwi.

Nyanda za Juu Kusini hatuna uhaba wa vyuo. Hapa jijini kuna MUST, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, kule Iyunga, iliyoanza kama chuo cha ufundi na kuwa chuo kikuu mwaka 2012, na kuna matawi ya Chuo Kikuu Mzumbe, TIA ya uhasibu na CBE ya biashara. Iringa kuna Chuo Kikuu cha Iringa na Chuo Kikuu Katoliki cha Ruaha. Tahadhari yangu ni moja: tawi si makao makuu. Kozi uliyoisoma kwenye tangazo huenda inafundishwa Morogoro au Dar es Salaam na haifundishwi Mbeya. Thibitisha kwa jina la tawi kabla hujalipa. Kuhusu mkopo, Bodi ya Mikopo ilianza kuwafikia wanafunzi wa stashahada mwaka wa masomo 2023/2024, tena kwa fani za kipaumbele, hivyo mzazi asipange bajeti kwa kutegemea bumu.

Kompyuta ya mpakato ni ya lazima kuliko sare na viatu vipya. Si lazima iwe mpya. Yenye RAM ya GB 8 na diski ya SSD, hata ya mtumba, inatosha miaka yote mitatu. Betri iwe inakaa, maana umeme wa kwenye mageto mnaujua. Bando liwe la kupakua masomo usiku na kuyasoma mchana bila mtandao.

Lugha ya programu? Anza na moja uizoee hadi usiku unaota nayo. Mimi ningekupa Python, halafu SQL, lugha ya kuuliza hifadhidata, mapema sana, kabla ya mapambo ya tovuti. Excel usiidharau, karibu kila ofisi niliyoingia, kuanzia Njombe kwenye parachichi hadi Tunduma kwa mawakala wa forodha, ukweli wao uko kwenye Excel, na kazi ya kwanza huwa kuusafisha. Pia jizoeze kueleza kazi yako kwa Kiswahili. Darasani tunasoma kwa Kiingereza, tukitoka tunakutana na mama mwenye daftari jekundu. Ukishindwa kumweleza mfumo wako kwa maneno yake, mara nyingi ni kwa sababu wewe hujauelewa.

Mafunzo kwa vitendo msiyafanye ya kusainiwa fomu. Kuna wanaotafuta ofisi kubwa, wakapewa kupiga fotokopi wiki nane. Afadhali stoo ya mbolea yenye kompyuta moja na mwenye mali anayekuuliza maswali.

Na siku ya kwenda kutazama chuo, usiende Jumamosi ya sherehe wakati wamepamba. Nenda Jumatano saa kumi jioni, mvua ikinyesha kama kawaida yetu. Angalia maabara: imefungwa au iko wazi, na walio ndani wanaandika nini. Omba kuona miradi ya mwisho ya mwaka uliopita. Chagua mmoja wa duka au ghala, kisha muulize anayekuonyesha: mteja akichukua mzigo leo na kulipa wiki ijayo, hapa inaandikwa wapi?