Binti yangu anajitolea Msalaba Mwekundu: je, dini inasemaje?

Swali: Assalaam alaykum sheikh. Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Mabawa hapa Tanga. Binti yangu mkubwa alijiunga na Msalaba Mwekundu mwaka jana, anajitolea. Wamemfundisha huduma ya kwanza, na maji ya masika yalipoingia majumbani alikwenda na wenzake kuwasaidia watu waliohamishwa. Kinachonisumbua ni ile fulana yao, ina msalaba kifuani. Majirani wanasema hicho ni chama cha kanisa na kwamba mwanangu anatolewa kwenye dini kidogo kidogo. Baba yake naye ameanza kusita, hasa aliposikia kuwa anahudumia hata wanaume. Je, kazi hii ina thawabu? Na mimi naweza kuwapa zaka yangu? Naomba unijibu wazi.

Jibu: Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh, dada yangu.

Nianze na hukumu ili moyo utulie. Kazi ya binti yako inajuzu, na akiifanya kwa kutaka radhi za Mwenyezi Mungu ina ujira mkubwa. Tena sehemu ya kazi hiyo ni fardhi kifaya: asipopatikana hata mmoja wa kuifanya, dhambi inatuenea sote tulioweza tukakaa. Mafakihi wetu wa Kishafii wameandika kwamba anayemwona mtu anazama naye anaweza kumwokoa, kumwokoa kunatangulia swala ya faradhi hata kama wakati unamtoka, ataswali kadha. Na akiwa amefunga Ramadhani, hawezi kumfikia ila kwa kufungua, ni wajibu afungue. Kisha kwa kauli yenye nguvu katika madhehebu atalipa siku hiyo na kutoa fidia. Sisi watu wa Tanga tunaoishi na bahari, wenye wana na waume wanaotoka na ngalawa Sahare na Tongoni kabla ya alfajiri, tulipaswa kuwa wa mwanzo kuyafahamu masuala haya. Lakini mtu ataokoaje asichojifunza kukifanya? Binti yako amejifunza. Alhamdulillah.

Sasa hili la chama cha kanisa.

Tarehe 24 Juni 1859, kaskazini mwa Italia, majeshi ya Ufaransa na Sardinia yalipambana na jeshi la Austria mahali panapoitwa Solferino. Kwa siku moja watu wapatao 40,000 waliuawa au kujeruhiwa. Mfanyabiashara wa Uswisi, Henry Dunant, alifika mji wa jirani wa Castiglione jioni ile akiwa kwenye safari zake, akakuta majeruhi wamelazwa makanisani, majumbani na barabarani, waganga hawatoshi, wengine wanakufa kwa kiu tu. Akaacha shughuli zake akakusanya watu wa mji, wengi wao wanawake, wakaosha vidonda, wakanywesha maji, wakaandika salamu za mwisho za wanaokata roho. Hawakubagua askari wa upande huu na wa upande ule. Walikuwa wakisema kwa lugha yao kwamba wote ni ndugu.

Mwaka 1862 Dunant alitoa kitabu kuhusu aliyoyaona, akapendekeza mambo mawili: kila nchi iwe na watu wa kujitolea waliofundishwa mapema wakati wa amani, na mataifa yaafikiane kwamba majeruhi na wanaowahudumia wasishambuliwe. Mwaka 1863 watu watano wakaunda kamati mjini Geneva, naye akiwa mmoja wao. Agosti 22, 1864 mataifa 12 yakatia saini Mkataba wa kwanza wa Geneva. Baadaye Dunant alifilisika, akaishi miaka mingi katika ufukara na kusahauliwa, hata mwaka 1901 alipopewa, pamoja na Mfaransa Frédéric Passy, Tuzo ya Nobel ya Amani ya kwanza kabisa.

Alikuwa Mkristo mwenye kuishika dini yake, hilo halifichwi. Wala siye mtu wa kumpamba: safari iliyomfikisha Solferino ilikuwa ya kumtafuta mfalme wa Ufaransa ili biashara yake ya ardhi huko Algeria ipate nafasi, nayo Algeria ni nchi ya Waislamu iliyokuwa imetekwa. Haya nayataja kwa sababu majirani zako wanaweza kuyasikia siku moja wakadhani wamepata hoja. Chama alichokianzisha hakikuwa cha kanisa wala hakina mafundisho ya dini ndani yake. Miongoni mwa misingi yake 7, iliyotangazwa Vienna mwaka 1965, umo ubinadamu, umo kutopendelea, na umo kutojiingiza katika ugomvi wa siasa, kabila na dini. Hapa kwetu chama cha taifa kiliwekwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1962, mara baada ya uhuru, na Waislamu na Wakristo wamo ndani yake tangu hapo.

Tuseme basi mwanzilishi si Mwislamu. Je, hilo pekee linaiharamisha kazi? Hapa dada yangu nataka usimame nami kidogo, maana ndipo penye kiini cha jibu.

Kabla ya utume, mtu wa Zabid kutoka Yemen alileta bidhaa Makka, akauziana na Al-As bin Wail, kisha Al-As akamnyima haki yake. Mgeni yule hakuwa na ukoo pale wa kumtetea. Akapanda jabali la Abu Qubays akapaza sauti, Makuraishi wakiwa wamekaa pembeni ya Kaaba. Akainuka Zubayr bin Abdulmuttalib, ami yake Mtume, na koo kadhaa zikakusanyika nyumbani kwa Abdullah bin Jud'an wakala kiapo: hatadhulumiwa mtu Makka, awe mwenyeji au mgeni, ila watakuwa pamoja naye mpaka haki yake irudi. Ndicho Hilful-Fudhul, yaani kiapo cha kumtetea aliyedhulumiwa. Waliokula kiapo kile walikuwa washirikina, na nyumba ile ilikuwa ya mshirikina. Mtume (s.a.w.) alihudhuria akiwa kijana. Na baada ya kupewa utume alisema kwamba alishuhudia nyumbani kwa Ibn Jud'an mapatano ambayo asingependa kuyabadilisha kwa ngamia wekundu, mali ya thamani kubwa kwa Waarabu, na lau angeitwa kwayo katika Uislamu angeitikia.

Tazama maneno yake: angeitikia. Hakusema nitaunda changu kwanza. Jambo likiwa ni la kumnusuru aliyedhulumika au aliyepatwa na balaa, hatuulizi nani alilitangulia, tunauliza linafanya nini na linatutaka tufanye nini. Mwenyezi Mungu anasema katika Suratul-Maida tusaidiane katika wema na uchamungu, wala tusisaidiane katika dhambi na uadui. Kumfunga kidonda aliyeangushwa na bodaboda barabara ya Segera ni wema. Kumfundisha mama wa Makorora, mtoto wake akiharisha, achanganye lita 1 ya maji safi na vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote viwe vimesawazishwa, amnyweshe kidogo kidogo huku akimkimbiza zahanati, huo nao ni wema, na pengine ni uhai wa nafsi nzima. Na anayeihuisha nafsi moja, yasema sura hiyohiyo, ni kama amewahuisha watu wote.

Nije kwenye fulana. Sikulaumu kwa kuogopa, kwani hofu yako ina asili. Katika Sahih Bukhari, Bi Aisha (r.a.) anasema Mtume hakuwa akiacha nyumbani mwake kitu chenye misalaba ila alikivunja. Mwislamu kuvaa msalaba kwa kuutukuza, au kwa kujifananisha na ibada ya wenzetu, ni haramu, hatuna mjadala. Lakini alama hii ilichukuliwa wapi? Ni bendera ya Uswisi iliyogeuzwa rangi: Uswisi ina msalaba mweupe kwenye nyekundu, wao wakaweka mwekundu kwenye nyeupe, na Mkataba wa 1906 ukaandika wazi kwamba ilikuwa ni kuiheshimu nchi hiyo. Kazi yake vitani ni kumwambia mwenye bunduki: huyu ni mtu wa majeruhi, usimpige.

Wala Waislamu si wageni katika jambo hili. Dola ya Uthmaniya, ya Waturuki, iliingia katika Mkataba wa Geneva mwaka 1865, mwaka mmoja tu baada ya kutiwa saini. Mwaka 1876, vita vikiwa vimepamba moto na Serbia, ikatangaza kuwa itauheshimu msalaba mwekundu wa maadui zake, lakini yenyewe itatumia hilali nyekundu kwa sababu ule msalaba uliwakera askari wake. Hilali ikatambuliwa rasmi katika Mkataba wa 1929, na leo Uturuki, Misri na Saudia zinaitumia ndani ya shirikisho hilohilo moja. Indonesia, yenye Waislamu wengi kuliko nchi yoyote, imebaki na msalaba mwekundu. Mwaka 2005 ikaongezwa alama ya tatu, fuwele nyekundu (kristali), kwa wasiotaka hizo mbili. Kwa hiyo wale waliokuwa na kinyongo kama chako walilitatua wakiwa ndani ya kazi, hawakuiacha kazi.

Fatwa yangu ni hii: aivae awapo kazini, kwa nia ya kujulikana na kulindwa, moyo wake ukiwa mbali na kuitukuza. Asiifanye nguo ya matembezi, na chama chenyewe hakiruhusu alama yao itumike ovyo. Wakati wa swala aivue au avae juu yake shungi refu linaloifunika. Akiwa ameshaswali nayo, swala yake imesihi, asirudie. Na akiona bado nafsi yake inamkataa, aombe kupangiwa kazi ya stoo au ya kuandikisha familia. Hakuna anayelazimishwa.

Kuhusu kuwahudumia wanaume, mwambie baba yake kuwa jambo hili si geni katika dini yetu. Rubayyi' bint Mu'awwidh (r.a.) anasimulia, naye Bukhari amelipokea, kwamba walikuwa wakitoka vitani na Mtume, wakiwanywesha watu maji, wakiwahudumia majeruhi na kuwarudisha Madina. Na Sa'd bin Mu'adh alipojeruhiwa katika vita vya Khandaq, hema lake lilipigwa msikitini, na Bi Rufaida ndiye aliyekuwa akimuuguza. Asili ni mwanamume ahudumiwe na mwanamume na mwanamke na mwanamke, wanapopatikana. Damu inapotoka kwa kasi hatungojei. Binti yako aweke kitambaa safi juu ya kidonda, akandamize kwa nguvu bila kuachia, aguse panapohitajika tu, basi.

Na kwa vile sisi ni Mashafii, atauliza kuhusu udhu. Ngozi yake ikikutana na ngozi ya mwanamume asiye maharimu, udhu umetenguka, atatawadha upya akitaka kuswali. Akivaa glovu, na wanafundishwa kuzivaa kwa ajili ya maradhi, hautenguki kwa mguso huo. Damu ya mtu mwingine ikimrukia kidogo imesamehewa. Ikiwa nyingi ni najisi, aioshe nguo au abadilishe. Namshauri awe na kanga mbili kwenye mkoba. Moja aswalie, na nyingine aikunje pembetatu iwe ya kuning'iniza mkono uliovunjika, kama walivyomfundisha.

Aepuke faragha na kijana wa kiume, na wakienda kambi za mbali wewe na baba yake mjue analala wapi na nani yuko pamoja naye. Hapo baba ana haki ya kuuliza hata mara kumi, na binti amjibu kwa adabu.

Huenda mtu akasema: sawa, lakini anawahudumia hata wasiokuwa Waislamu. Ndiyo. Mwenyezi Mungu amewasifu wanaolisha chakula, pamoja na kukipenda, masikini na yatima na mfungwa. Na mateka wa siku zile walikuwa washirikina. Thumama bin Uthal, mkuu wa watu wa Yamama huko Arabuni, aliposilimu aliwazuilia Makuraishi nafaka ya Yamama mpaka wakapata shida. Vitabu vya sira vinaeleza kuwa walimwandikia Mtume, naye akamwamuru Thumama awaachie chakula kipite. Makuraishi hao ndio waliomfukuza Mtume mjini kwake. Sisi tutamnyima bandeji jirani wa Chumbageni kwa sababu anakwenda kanisani?

La mwisho ni zaka. Zaka ina watu wake 8 waliotajwa katika Suratut-Tawba, na kwetu lazima imilikiwe na wao. Kununua gari la wagonjwa, mahema au kulipa mishahara si mahali pake, na kwa kauli ya wanazuoni wengi fakiri asiye Mwislamu hapewi zaka bali hupewa sadaka. Basi zaka yako iweke mikononi mwa mafukara Waislamu unaowajua pale Mabawa. Binti yako anaweza kukusaidia kwa kukueleza ni kaya zipi zilizopoteza kila kitu kwenye maji, maana yeye ameingia ndani ya nyumba zao. Chama ukipenda kipe sadaka ya kawaida, hata blanketi au ndoo, na hiyo haina sharti la dini ya anayepokea. Binti yako akipewa posho ya nauli na chakula, ni halali yake, na haipunguzi ujira wake maadamu hakutoka kwa ajili ya posho.

Wallahu a'lam.