Ukungu umeisha kwenye kioo, lakini saa inasimama

SWALI: Ninayo saa ya mkono ya kutia ufunguo, niliyoachiwa na marehemu baba. Nyuma yake imeandikwa kwamba inastahimili maji hadi mita 30. Wiki tatu zilizopita niliogelea baharini nikiwa nimeivaa, na jioni yake nikaona ukungu chini ya kioo. Niliifukia ndani ya mchele, ukungu ukaisha, nikaendelea kuivaa. Sasa inachelewa, usiku husimama, na kile kifundo cha pembeni cha kutilia ufunguo kinakwaruza ninapokizungusha. Je, bado inatengenezeka? Na ilikuwaje maji yakaingia ilhali niliogelea juu juu tu?

JIBU: Ndugu msomaji, kuna uwezekano mkubwa kwamba saa yako inatengenezeka, ila kuanzia sasa usiitie ufunguo tena na usijaribu kuzungusha mishale yake. Dalili ulizozitaja ni za kutu iliyokwisha kushika, na vumbi la kutu husaga vyuma kama msasa kila magurudumu yanapozunguka. Kifundo kinachokwaruza nacho kisilazimishwe. Ule mhimili mwembamba unaokiunganisha na mashine ukiwa umeliwa na kutu hukatikia ndani, na fundi akaongezewa kazi ambayo haikuwapo.

Kuisha kwa ukungu ndiko kulikokupoteza. Ukungu ni mvuke uliokutana na kioo chenye ubaridi. Kioo kikipata joto la mkono au la chumba, mvuke huachana nacho, lakini hautoki nje ya saa, kwa sababu kasha lililoruhusu maji kupenya kidogo kidogo haliruhusu mvuke kutoka upesi. Unaweza kuhakikisha mwenyewe. Iache saa mahali penye uvuguvugu wa kiasi cha nyuzi 40 za Selsiasi, kisha weka tone la maji ya kawaida juu ya kioo, ulifute baada ya dakika moja na uangalie palipokuwa na tone. Ukungu ukijitokeza hapo upande wa ndani, unyevu bado umo. Mchele hausaidii: hauwezi kuvuta unyevu kupitia kasha lililofungwa, na saa ikifunguliwa ndipo ikafukiwa, unga wake hujipenyeza kwenye mafuta ya mashine. Kikaushia nywele ni kibaya zaidi, kwani joto lake huusukuma mvuke hadi sehemu ambazo maji yenyewe hayakuwa yamefika.

Isitoshe, yako ni maji ya bahari. Hata yakikauka kabisa huacha chumvi, na chumvi hiyo huvuta unyevu kutoka hewani na kuiendeleza kutu bila tone jipya kuingia. Ndiyo maana saa iliyoingia maji ya bahari hupaswa kufunguliwa siku hiyo hiyo. Ingefikishwa kwa fundi mapema namna hiyo, pengine ingehitaji kusafishwa na kutiwa mafuta tu.

Fundi akishafungua mfuniko wa nyuma, mwombe akuonyeshe kwa lenzi yake eneo linalozunguka mhimili wa kifundo. Maji mara nyingi hupitia hapo, na hapo ndipo penye vyuma vidogo vidogo vya kubadilishia kutoka kutia ufunguo hadi kurekebisha majira: kibanzi cha springi, vigurudumu viwili vyenye meno, na wenzo unaoshika mhimili. Vyote hivyo ni vya chuma kigumu kisichostahimili kutu, na kwa maelezo yako nadhani vimekwisha kubadilika rangi kuwa kahawia. Mabamba ya mashine ni ya shaba nyeupe au ya njano iliyopakwa madini, kwa hiyo utaona juu yake madoa ya kijani badala ya kutu. Vito vyekundu vinavyobeba ncha za magurudumu ni rubi ya kutengenezwa, navyo havidhuriki.

Kazi yenyewe huanza kwa kuiachia kamani, yaani springi kuu inayojazwa kwa ufunguo, nguvu zake taratibu, ndipo mashine ivuliwe kipande kimoja kimoja, kwani daraja la juu, lile bamba linaloshikilia magurudumu, likifunguliwa huku kamani ingali imejaa, magurudumu huzunguka ghafla na kuvunja meno au ncha. Baada ya hapo vipande huoshwa kwa dawa na kusuuzwa zaidi ya mara moja. Muulize fundi atasuuzia nini ile nanga ndogo inayoruhusu jino moja moja kupita. Vijiwe vyake vimegandishwa kwa shelaki, aina ya gundi ya asili, na shelaki huyeyuka kwenye spiriti. Nanga ikiachwa humo, vijiwe hulegea na kuhama mahali pake. Benzini ya kusafishia haiigusi shelaki. Fundi anayekujibu swali hilo bila kusita ndiye wa kumwachia saa ya baba yako.

Kutu iliyo juu ya bamba la chuma au kwenye kichwa cha skrubu huondolewa kwa mafuta na kijiti cha mti laini, ikabaki alama tu isiyo na madhara. Ncha za mihimili hazina nafasi hiyo. Ncha ya gurudumu la mizani, lile linalopiga huku na huku, ina unene wa takriban sehemu moja ya kumi ya milimita, na mara nyingi hupungua hapo. Kutu ikishatoboa vishimo juu yake, kuisugua ni kuimaliza. Huo mhimili hubadilishwa. Vivyo hivyo ile springi nyembamba kama unywele iliyozunguka gurudumu hilo: doa moja la kutu hubadilisha unyumbukaji wake, na saa haitashika majira hata ifanyiwe nini. Mara nyingi ni nafuu kununua gurudumu zima pamoja na springi yake, au hata mashine nzima ya aina hiyo hiyo iliyotumika na kuchukua vipande vinavyohitajika. Namba ya aina ya mashine aghalabu imechongwa kwenye bamba, chini ya gurudumu la mizani.

Ikitokea skrubu imekatikia ndani ya bamba, fundi asikimbilie kuitoboa. Bamba la shaba likishavuliwa chuma chote kingine, hulowekwa katika maji ya uvuguvugu yaliyokolezwa shabu, nayo shabu huila skrubu polepole na kuiacha shaba bila kuijeruhi. Ni njia ya zamani inayodai subira, nami bado naipendelea.

Uso wa saa usisuguliwe. Rangi yake ikishalowa hubanduka hata kwa brashi laini, na madoa kidogo ni afadhali kuliko maandishi yaliyofutika. Ikiwa saa ilitengenezwa kabla ya miaka ya 1970 na ina rangi iliyokusudiwa kung'aa gizani, mwambie fundi mapema, kwa kuwa rangi za zamani ziliwekwa radiamu, madini yenye mnururisho, na maji huifanya imomonyoke na kuwa unga ambao haufai kuvutwa puani.

Kuhusu mita 30: namba hiyo inaeleza shinikizo la baa 3 ambalo saa mpya, yenye raba mpya, ilipimwa nalo ikiwa imetulia. Raba za kuzuia maji kwenye mfuniko, kioo na kifundo hukakamaa na kupasuka kadiri miaka inavyopita, hata kama saa haijawahi kuloweshwa, na maandishi ya nyuma hayabadiliki kwa ajili hiyo. Saa za wazamiaji hufuata kiwango kingine, ISO 6425, kinachodai angalau mita 100. Saa yako, hata ilipokuwa mpya, ilikusudiwa kuvumilia mvua na maji ya kunawa.

Kwa hiyo unapoichukua, hakikisha raba zote zimebadilishwa na kupakwa grisi ya silikoni, na kwamba kasha limepimwa kwa hewa kabla ya kupimwa kwa maji. Omba pia kuona kipimo cha mapigo: saa iliyojazwa ufunguo na kulazwa uso juu, gurudumu lake la mizani linapaswa kuyumba kwa nyuzi za pembe zipatazo 270 hivi au zaidi kidogo. Likiyumba chini ya 200, mashine bado ina kizuizi mahali fulani, nawe una haki ya kuirudisha mezani. Hata ikifaulu vipimo vyote, ivue kabla ya kuogelea na kabla ya kuoga kwa maji ya moto, na usivute kifundo mkono ukiwa umelowa.