Sekunde 3 za kusubiri: ni seva au ni bando?
Mkuu, usilaumu bando kwanza. Umesema ukurasa wa oda unakaa sekunde 3 na ushei kabla data hazijatokea na hujui tatizo liko seva au intaneti. Kwenye Chrome bonyeza F12, nenda Network, rifreshi, halafu klik ile rikwesti (ombi ambalo Chrome inatuma kwa seva) ndefu uingie Timing, utaona muda umekatwa vipande vipande vya rangi.

Kijani ndo kusubiri seva, yaani tangu rikwesti itoke mpaka baiti ya kwanza irudi. Ila usikurupuke, humo kuna na safari ya kwenda na kurudi, kama seva iko Ulaya na we uko Mwanza hizo milisekunde mia na kitu utazilipa tu. Sasa ukikuta kijani 2.8 s na bluu, yaani kupakua, 12 ms, kaangalie kweri zako za databesi, yaani maswali ambayo seva inaiuliza databesi. Bluu ikiwa ndefu, faili ni kubwa au kweli neti inakwama.

Kinachowachanganya wengi ni vipande vya Queueing na Stalled humo humo kwenye Timing. Hapo rikwesti hata haijatoka, iko foleni, maana kwenye HTTP/1.1 (toleo la zamani la lugha ya kivinjari na seva) Chrome inafungua koneksheni 6 tu kwa hosti moja, yaani anwani moja ya seva, ya 7 inasubiri kama abiria wa daladala. Mi nilishapoteza siku nzima nahangaika na databesi kumbe picha 40 za bidhaa ndo zimeziba njia, nikawasha HTTP/2, toleo jipya zaidi linalopitisha rikwesti nyingi kwenye koneksheni moja, foleni ikaisha.

Na weka tiki Disable cache (Chrome isitumie nakala ilizohifadhi) kabla hujapima, la sivyo namba zitakudanganya.