Dola 379 Zilivyogeuka 1,416: Kruzi Yangu ya Kwanza

Juzi nimetoka shifti ya usiku, miguu imevimba, nikakuta ujumbe wa msomaji aliyeko Dallas, hapa hapa Texas. "Dada shikamoo. Nimeona tangazo la meli ya kitalii kutoka bandari ya Galveston kwenda Mexico, siku tano, dola 379. Mimi na mume wangu hatujawahi. Ni kweli au ni wale wale?"

Ni kweli, mdogo wangu. Si matapeli. Meli ipo, kitanda kipo, chakula utakula mpaka ukikimbie. Ila hiyo 379 naifahamu vizuri, maana Januari mwaka jana ilianza kwangu ikiwa 379, safari ikaisha ikiwa 1,416. Nimekaa na jambo hili zaidi ya mwaka bila kuliandika, kwa sababu ndani yake kuna mtu, na mtu huyo nilikuwa namwita shosti. Leo naliandika.

Tulikuwa tunafanya kazi nyumba moja ya kutunzia wazee hapa Houston. Miaka sita tunabadilishana shifti, tunagawana wali kwenye kontena, tunajuana hadi siku za mshahara. Mwezi wa tisa akanionyesha tangazo kwenye simu yake. "Shosti, tutakufa tunabadilisha mashuka ya watu." Nilikubali hata hajamaliza. Ukishafanya ovataimu Krismasi tatu mfululizo, mtu akikutajia bahari humwulizi maswali.

Nikatoa kadi yangu, nikalipia wote wawili. Hapo ujue jambo la kwanza: bei ya tangazo ni ya mtu mmoja mkiwa wawili chumbani. Chumba kinauzwa kwa vichwa viwili, ukienda peke yako unalipa karibu sawa na watu wawili. Juu ya hiyo 379 kuna kodi na ada za bandari, kila mmoja akafika 520. Jumla 1,040, zote kwenye kadi yangu. Yeye angenitumia nusu yake kwa Zelle, ile njia ya kutumiana fedha kwa simu, mshahara ukitoka. Mshahara ukatoka. Ukatoka tena. Nikawa naona aibu kumkumbusha, kana kwamba mimi ndiye ninayedaiwa.

Asubuhi ya safari, nikiwa barabarani naelekea Galveston, simu ikalia. "Shosti, tumbo limenikamata. Nenda tu, ukafurahi kwa niaba yangu." Nikamwombea. Kweli kabisa, niliegesha gari pembeni nikamwombea. Jioni, meli imeshafungua kamba na mtandao wa nchi kavu unapotea, nikaona picha zake: harusi ya watu San Antonio, sare ya kitenge cha njano, anacheza na tumbo lake likiwa zima kabisa.

Na ule mlango wa bandarini una mambo yake. Mimi nina Green Card na pasipoti ya Tanzania, na Mexico haimdai viza mkazi wa kudumu wa Marekani, kwa hiyo nilipita. Pasi yangu ya kusafiria ilipita. Pasi ya nguo ikakamatwa. Kumbe meli nyingi haziruhusu pasi ya umeme kwa kuogopa moto, nami nimeibeba kwa ajili ya gauni langu la usiku wa mavazi rasmi. Wakaiandikia karatasi, nikaambiwa nitaichukua siku ya kurudi. Nilivaa gauni lenye mikunjo na sikufa. Lakini wewe unayesubiri Green Card, hapa sitanii: meli ikishagusa Mexico umetoka Marekani, na ukitoka bila kibali cha kusafiri maombi yako yanaweza kuhesabiwa kuwa umeyatelekeza. Mwenye viza naye aangalie inaruhusu kuingia mara ngapi. Muulize wakili, usimwulize mtu aliyekaa saluni.

Sasa nije kwenye jambo ambalo lilinifanya niogope kuliko hayo yote. Mimi ni mtoto wa Mwanza. Nilikuwa darasa la tatu MV Bukoba ilipozama, tarehe 21 Mei 1996, asubuhi, ikiwa imebakiza kilomita chache tu kufika bandarini. Ilikuwa imebeba watu kupita uwezo wake, ikapinduka. Mamia walikufa, wengi wao wamelala makaburi ya Igoma. Jirani yetu aliyekuwa akifuata ndizi Bukoba alikuwemo. Mama yangu tangu siku ile hapandi chombo cha majini, hata kivuko cha Kamanga. Nilipomwambia nakwenda baharini siku tano kwa kujifurahisha, akanyamaza, kisha akaniuliza kama nimegombana na mtu.

Kwa hiyo siku ya kwanza, abiria wenzangu walipokuwa wanapanga foleni ya baga, mimi nilikwenda kituo changu cha dharura nikakaa hapo. Siku hizi mazoezi ya usalama ni mepesi: unatazama video kwenye simu, unakwenda kituoni kwako, kadi yako inasomwa, basi. Honi fupi saba na ndefu moja, unakuja hapa. Watu walisomwa kadi wakaondoka wakiongea na simu. Nilitaka kuwavuta mashati. Mwaka 2012 meli ya Costa Concordia ilipogonga mwamba Italia, watu 32 walikufa, na kulikuwa na abiria waliopanda siku hiyohiyo ambao hawakuwa wamefanya zoezi hilo hata mara moja. Ndiyo maana sasa linafanyika kabla meli haijaondoka au mara tu inapoondoka. Nilimshika yule binti wa meli kwa maswali: boti ziko wapi, jaketi ziko wapi, watu ni wangapi. Akanijibu yote kwa tabasamu la mtu anayetamani uende ukale baga.

Usiku ule upepo ukaja. Januari kwenye Ghuba ya Mexico kuna upepo wa baridi unaoshuka kutoka kaskazini, wenyewe huita norte, na hiyo ni sababu mojawapo ya bei kuwa chini. Hilo tangazo halikulisema. Mimi nilikuwa nimechagua chumba cha bei ya chini kuliko vyote, hakina dirisha, kipo mbele kabisa na juu. Ukitaka kujua unga unavyojisikia kwenye chekecheke, lala pale. Chumba cha katikati ya meli, ghorofa za chini, ndicho kinachotikisika kidogo. Lipia hata kama ni dola thelathini zaidi. Na vidonge vya kichefuchefu, meclizine, vinauzwa duka lolote la dawa bila cheti cha daktari. Meza kabla. Mimi nilimeza baada, vikarudi.

Asubuhi nikajikokota hadi mgahawani. Wahudumu wa meli huvaa kibandiko kifuani chenye jina na nchi wanayotoka. Huyu mmoja alikuja na sahani, nikasoma: Kenya. Nikamwambia, "Kaka, Mombasa?" Akaweka sahani chini.

"Dadangu! Watoka wapi?"

"Mwanza."

"Kumbe wa ziwani. Ndiyo maana bahari imekutia adabu."

Ni mtu wa Kisauni, hukohuko Mombasa. Akaenda akarudi na matufaha mawili ya kijani na biskuti kavu, akasema kula haya, usinywe kahawa, tazama mbali pale maji yanapokutana na mbingu. Mpaka mchana nilikuwa nimepona. Sijui ni tufaha au ni Kiswahili.

Kila mlo nilikwenda meza zake. Ana mkataba wa miezi tisa, siku saba kwa wiki, hakuna siku ya mapumziko. Mtoto wake wa pili kazaliwa yeye akiwa majini, amemwona kwenye simu tu. "Twalala chini ya usawa wa maji, wallahi, samaki watupita juu." Alicheka. Mimi nilicheka kidogo. Namjua mtu anayecheka hivyo, huwa namwona kwenye kioo cha bafuni saa kumi na moja alfajiri.

Hapo ndipo nije kwenye bakshishi, na mtanisamehe nikipandisha sauti. Meli nyingi za Marekani hukata kati ya dola 16 na 20 kwa kila mtu kwa kila siku, inajiandika yenyewe kwenye hesabu yako. Mimi ilikuwa 17, siku tano, 85. Usiku wa mwisho nilikuta foleni kaunta ya wageni, nikadhani kuna tatizo. Walikuwa wanaomba iondolewe. Na ndani ya foleni nilisikia lugha yangu. Sitasema ni nani. Watu wenye saa za mkononi za dola mia tano wanaomba warudishiwe jasho la mtu wa Kisauni! Ndugu zangu, kama hukuiweka bakshishi kwenye bajeti, hukuwa na bajeti. Baki nyumbani, choma nyama, hakuna atakayekucheka.

Mexico yenyewe nitaipita haraka. Mji wa Progreso gati lake limeingia baharini kilomita sita na zaidi kwa sababu maji ya pale ni kina kifupi, mnabebwa na basi hadi ufukweni. Nilinunua dafu, nikalia kidogo, nikarudi. Cozumel ni kisiwa kizuri, maji yake yana rangi sijapata kuiona, wanaojua kupiga mbizi wanakwenda kuona matumbawe. Mimi nilikula samaki na kukodi teksi. Ila saa! Kisiwa kile hakibadilishi saa, na Januari kinatangulia Texas kwa saa moja, wakati meli yetu ilibaki na saa ya Texas. Simu yangu ikabadilika yenyewe. Nikatoka mbio kutoka mjini, viatu mkononi, nikafika gatini natweta, kumbe nimebakiza saa nzima. Nilikuwa na bahati kwamba tofauti ilikuwa upande huo. Fuata saa ya meli. Meli haimsubiri aliyekwenda kutembea mwenyewe.

Hesabu basi, maana ndiyo uliyoniuliza. Chumba, 1,040. Bakshishi, 85. Soda na kahawa za nje ya zile za bure, pamoja na asilimia wanayoongeza juu ya kila kinywaji, 38. Picha moja niliyopigwa nikiwa na gauni lenye mikunjo, 25. Teksi na samaki, 60. Kuegesha gari Galveston, 110. Na simu, 58. Meli nzima hutumii fedha taslimu, unaonyesha kadi ya chumba tu, na kadi haina uchungu mpaka asubuhi ya mwisho karatasi inapopenyezwa mlangoni.

Toa hapo 520 za mtu. Hizo hazikuwa zangu, na mpaka leo naandika hazijarudi. Tukikutana kazini ananisalimia vizuri. Mara moja aliniuliza, mbele ya watu, "Shosti, safari yako ilikuwaje?" Safari yangu.

Kwa hiyo mdogo wangu wa Dallas, wewe unakwenda na mume wako, nyumba moja mfuko mmoja, nakupongeza. Lakini mkitaka kuongeza marafiki, kila mtu alipe kwa kadi yake, siku hiyohiyo, mbele ya macho yako. Atakayesema "nitakutumia" hajasema kwamba anakwenda. Tumezoea kuoneana haya mpaka haya inatutia umaskini. Tunachangia harusi za watu tusiowajua, tunashona sare, tunakodi ukumbi, halafu mtu akisema anapumzika siku tano tunamwona ana majivuno. Mimi nilikwenda peke yangu. Mwanamke wa Mwanza, peke yake, katika chumba kisicho na dirisha, kitanda cha pili kikiwa na begi langu juu yake. Na ninaweza kusema nilikula kila mlo, nililala mchana kama mtoto, na hakuna mzee aliyenibonyezea kengele. Kila mtu alipe kwa kadi yake. Nitarudia hilo mpaka nichoke.

Kurudi tulichelewa, ukungu ulifunga njia ya kuingia bandarini, tukakaa nje saa nne tunasikiliza honi. Nikakosa shifti. Usipange kazi siku ya kushuka.

Nimesahau kueleza ile simu ya dola 58. Usiku wa kwanza, upepo unapiga, WhatsApp haishiki, nikapiga simu ya kawaida nyumbani nikidhani kifurushi changu cha Tanzania kinafanya kazi. Kumbe meli ina mnara wake majini, na mnara huo haujui kifurushi chako. Weka simu kwenye hali ya ndege mara tu unapopanda. Mimi nilizungumza dakika kumi na moja.

Kwetu ilikuwa saa tatu usiku, kwao Mwanza saa kumi na mbili asubuhi. Mama alikuwa ameshaamka. Nilimweleza vyakula, ngazi za kioo, bwawa la kuogelea lililo juu ya bahari, jambo ambalo aliliona ni upuuzi. Sikumwambia kwamba nimekaa sakafuni nimekumbatia ndoo. Aliniacha nimalize yote.

"Hayo maboya," akasema, "yanatosha watu wote?"

Nikamwambia nilimwuliza yule binti. Kwamba tangu Titanic kuna sheria ya dunia nzima, kwamba nafasi kwenye boti na maboya lazima izidi idadi ya watu kwa robo, kwamba jaketi langu liko kabatini na nimelijaribu.

Kimya. Upande wake jogoo aliwika.

"Basi hiyo ni meli," akasema.