Ustawi wa jamii kwa vijana wa LGBTQ Marekani: uanzie wapi

Ndugu uliyeuliza jinsi ya kuingia kazi hii, kwa kuwa shahada yako ni ya sosholojia, utasoma uzamili wa ustawi wa jamii miaka miwili kamili. Njia ya mkato ni ya waliosomea fani hiyo tangu shahada ya kwanza. Kabla ya kulipa ada, hakikisha programu ina ithibati ya CSWE (baraza la elimu ya ustawi wa jamii la Marekani), la sivyo leseni itakukwama.

Mafunzo kwa vitendo si chini ya saa 900. Omba mapema upangiwe kwenye makazi ya vijana waliofukuzwa nyumbani au kliniki ya VVU, maana nafasi hizo hujaa haraka. Ukitaka kutoa tiba ya kisaikolojia, ongeza miaka ya kazi chini ya msimamizi. Majimbo mengi hudai takriban saa 3,000.

Wengi hukosea kwenye usiri. Usiandike mwelekeo wa kimapenzi wa kijana kwenye faili kabla ya kumweleza nani ataweza kulisoma, wazazi wakiwemo. Na mkalimani wa Kiswahili, kijana akimhitaji? Kwenye mji mdogo, huenda mkalimani huyo anasali kanisa moja na mama wa kijana. Muulize kijana kwanza, au tumia mkalimani wa simu wa jimbo jingine.