Re: Ndege inapanda vizuri ila haikimbii, nibadilishe injini?

Salama mkuu. Kama nimekuelewa, ndege yako ndogo ya kuongozwa kwa redio ina injini ya cc 6.5 na propela ya 11x5 (upana inchi 11, na kila mzunguko inasonga mbele inchi 5), inapanda vizuri ila ikinyooka haikimbii, ndiyo maana unataka injini kubwa zaidi. Usinunue kitu kwanza.

Pima mizunguko ya injini ndege ikiwa ardhini, mafuta yamefunguliwa yote. Zidisha mizunguko kwa dakika na ile namba ya pili ya propela (hiyo 5), kisha zidisha kwa 0.0015. Ukisoma 11,500 unapata kama kilomita 86 kwa saa, ndio mwendo ambao propela inaweza kuipa ndege. Hewani mizunguko hupanda kidogo, lakini propela hiyo imeumbwa kwa kuvuta, si mbio. Injini kubwa itakuongezea uzito tu.

Nilikwama hapohapo. Nilipofunga 9x7, injini ileile ilifika 13,000, yaani kama 137. Kupaa kukawa kwa shida, ikihitaji uwanja mrefu, na wakati wa kutua iligoma kupunguza mwendo. Kama uwanja wako ni mfupi, jaribu 10x6 kwanza.

Sindano ya kabureta (inayopima mafuta) ifungue zaidi kidogo ya unavyopenda, maana hewani mchanganyiko hukonda, yaani mafuta hupungua kulinganisha na hewa, na injini huchemka.

Halafu kagua eleroni (vibao vya nyuma ya bawa vinavyoilaza ndege upande) kabla ya kuruka. Bawaba au fimbo ya sevo (mota ndogo inayosogeza eleroni) ikiwa imelegea hata kidogo, kwenye mwendo huo bawa linaanza kutetemeka. Langu lilivunjika kabla sijapunguza mafuta.