Mwalimu wa kaiti hachaguliwi kwa kuruka

Kaskazi imeingia, na vijana nao wameingia. Wengine wanatoka Makunduchi, wengine mjini, wengine wamevuka na boti kutoka Dar na begi moja mgongoni, wote wanataka siku moja wawe waalimu wa kaiti, ule mchezo wa kuteleza majini kwa bodi ukivutwa na tiara kubwa, hapa Paje, mashariki ya Unguja. Nawapenda, maana najua wanachokitafuta. Lakini kila msimu nawaona wakifanya yale yale: wanamsaka anayeruka juu kuliko wote, miwani myeusi, nywele zimebabuka kwa chumvi, wanamwambia "bro, nifundishe", basi, wameshaelewana. Jamani! Kuruka ni kwake yeye. Wewe unamhitaji mtu anayejua utakavyoanguka.

Kupampu na kufunga kamba sitawaeleza, hayo mnayaona kutwa nzima. Nasema na mnaotafuta wa kukufundisheni.

1. Ulizia kadi. Kadi ya IKO, shirika la kimataifa la kaiti, ina namba na inaangalika mtandaoni, kwa hiyo usiridhike kuoneshwa picha kwenye simu. Ulizia na cheti cha huduma ya kwanza. Kadi peke yake haimfanyi mtu awe mwalimu mzuri, lakini anayenuna kwa kuulizwa ameshakujibu.

2. Muulize habari za maji kabla ya upepo. Upepo kila mtu anaujua: kaskazi Desemba mpaka Machi, kusi Juni mpaka Septemba. Muulize hivi: kaiti ikinifia nje kule, nitatokea wapi? Wa kweli hajiumi midomo. Kwa kaskazi unasukumwa pwani huku unateremka kuelekea Jambiani, kwa kusi unapandishwa Bwejuu. Huku mashariki pepo zote mbili zina huruma, zinakurudisha nchi kavu. Mtu aliyefundishwa hapa tu, asijue kwa nini, akenda upande wa magharibi na kaskazi hiyo hiyo, safari yake ni ya Bagamoyo.

Kisha muulize leo ni bamvu, maji makubwa, au maji mafu. Akifungua simu kutazama, si kosa. Akikuuliza bamvu ni nini, mshukuru, ondoka.

3. Kifungulio cha dharura, kile cha kufyatua ili kaiti isikuvute tena. Hapa nitakaa kidogo, mniwie radhi.

Mwalimu wangu wa kwanza alikuwa hodari wa kuruka, sikwambii. Nilimchagua kwa hilo, na kwa kuwa alikuwa rahisi. Siku ya mwanzo alinionesha kifungulio kwa kidole, "hiki ni cha hatari", akapita. Kisha akanambia neno ambalo nimelikumbuka hadi leo: "Kaiti hii ya watu. Ukiiachia ikapotea, unalipa." Mimi ndiyo kwanza nimemaliza skuli, kaiti ya mita 12 nitailipa kwa nini? Kwa nazi? Basi akilini mwangu kifungulio kile kikawa mlango wa deni.

Siku yenyewe ilikuwa bamvu. Mnajua bamvu letu: saa nne asubuhi maji yamekwenda zake, kina mama wako kwenye mwani mpaka mbali huko, halafu maji yanarudi. Mchana kama saa saba hivi yanafika kifuani, na mambo ya mashamba, vile vijiti vya kufungia kamba za mwani, yote yako chini, hayaonekani, shibiri tu kutoka juu. Hiyo ndiyo saa aliyonipeleka. Yeye akabaki pwani akizungumza na wageni wawili.

Nikaiangusha kaiti, kama mwanafunzi yeyote. Kamba zikalegea, zikazama, zikajizungusha kwenye mambo. Sikuona. Upepo ukaja, kaiti ikainuka, lakini upande mmoja wa kamba umeshikwa chini, kwa hiyo badala ya kupanda ikaanza kuzunguka, na kila mzunguko inanivuta. Hapo mtu unaachia mpini, ile fimbo ya kuongozea kaiti, unafyatua, mambo yamekwisha. Mimi nikakumbatia mpini. Nilikuwa nahesabu pesa, wallahi. Nikaburutwa kifudifudi katikati ya mistari ya mwani, naisikia taitai, kamba ndogo za kufungia mwani, ikikatika kifuani, mambo yanang'oka, mengine yananichana mapaja. Kaiti ilisimama yenyewe ilipopasuka. Kwa hiyo hata hiyo niliyokuwa nailinda, niliipasua.

Mwalimu akaja, akaitazama kaiti kwanza.

Jioni nikaenda kwa mwenye shamba, jirani yetu ambaye toka udogo namwita shangazi. Nikasema shikamoo. Akaitikia marahaba, akanikalisha, akanipa chai, halafu akaniuliza taratibu: "Hiyo kaiti yenu siku hizi inakula mwani?" Afadhali angenipiga. Watu wa Paje na Jambiani wanalima mwani tangu 1989, mimi sijazaliwa, na wageni wa kaiti hawajaijua njia ya huku. Adhabu yangu ilikuwa kukaa uani pamoja na kina mama nikifunga mbegu kwenye kamba, bamvu zima na jingine, nikichekwa na watoto. Pale kwenye mkeka ndipo nilipojua mashamba yanaanzia wapi na njia za maji zinapita wapi. Yule bwana wa kuruka hakuwahi kunionesha hata kigingi kimoja.

Kwa hiyo: mwalimu mzuri anakufyatulisha kifungulio siku ya kwanza, ya pili na ya tatu, kaiti ikiwa hewani, mpaka mkono uende wenyewe. Na anakwambia kwa mdomo wake kuwa chombo kikipasuka ni juu yake. Anayekutishia malipo kabla hujaingia majini anakufundisha kung'ang'ania, na ung'ang'anizi ndio unaoumiza watu.

4. Mtazame akiwa na mwanafunzi wa mtu mwingine. Kaa chini ya mnazi, usijitambulishe. Yuko naye majini au yuko na simu? Anampa kaiti ndogo afanye mazoezi kwanza, au anambandika bodi siku hiyo hiyo ili apige picha? Anamburutisha bila bodi mpaka aweze kuirudia bodi yake ikimtoroka? Hiyo hatua vijana hawaipendi, haina sifa, ila bila yake kila ukianguka utakuwa unamlilia mtu wa boti.

5. Usilipe zote mwanzo.

6. Mwambie akufundishe kwa Kiswahili, hata kama baadaye utafundisha kwa Kiingereza au Kitaliano. Nina kijana msimu huu, mwalimu wake Mswahili mwenzake, wanapigiana kelele kwa Kiingereza kwenye upepo, mmoja anasema kushoto, mwingine anaelewa achia. Nimecheka mpaka nikaogopa.

7. Viatu vya majini, usione haya. Miba ya baharini haiulizi kama wewe mwenyeji. Ukichomwa, utomvu wa papai bichi, na usiichokoe kwa pini.

8. Akikwambia "leo hatuingii", na upepo unaouona wewe ni mzuri, na wenzako wanaingia, usimkasirikie. Muulize kwa nini. Akikueleza ukaelewa, huyo usimwachie, mlipe hata akiwa ghali kuliko wa jirani.